Tarehe Tano ya Kila Mwezi

Daftari lenyewe lilikuwa dogo, la kurasa 32, kama lile wanalonunuliwa watoto wa darasa la kwanza. Ndani mlikuwa na mistari 52. Kila mstari tarehe, kiasi, na herufi moja, T, yaani tayari. Tarehe ni ileile, tano. Kiasi ni kilekile, shilingi 20,000 za Uganda. Nililiweka chini ya godoro ili mke wangu asilione, naye alijua liko pale.

Deni lilianza mwaka 2001. Nilikuwa kijana wa miaka 22, nakaa kwa mama mdogo Malaba, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori. Baba yangu alikuwa Mluhya wa ng'ambo ya mpaka, mama Mteso, na nyumbani tulisema Kiswahili kama nyumba nyingi za pale. Mama mdogo alinikabidhi shilingi 130,000 nizipeleke shuleni kwa binti yake: karo iliyobaki pamoja na ada ya kumsajili mtihani wa Senior Four, yaani kidato cha nne cha Uganda. Dada yangu huyo (mtoto wa mama mdogo ni dada, kwetu hatuna neno jingine) ndiye aliyekuwa anaongoza darasa lao kwa hesabu. Pesa zile nikazitia kwenye magunia ya maharage ambayo yangeuzwa Kenya kwa faida, nizirudishe kabla mtu hajajua. Maharage yalivuka, aliyeyavusha hakurudi. Nikamwambia mama mdogo nimeibiwa njiani.

Usajili ukafungwa. Dada hakufanya mtihani mwaka ule, na mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya wadogo zake. Akapelekwa kujifunza cherehani.

Nilikaa na uongo huo miaka minane. Mwaka 2009 niliokoka, na walokole wa Uganda, yaani watu wa uamsho, hawakufundishi toba ya mdomoni. Wazee wa ushirika wetu walipenda kusimulia jinsi Simeoni Nsibambi na yule daktari Mwingereza, Joe Church, walivyokutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na uamsho ukaenea Gahini kule Rwanda na kurudi kwetu. Walisimulia watu waliorudisha walivyoiba, hata vitu ambavyo mwenyewe alikwisha kuvisahau. Nikaenda Malaba, nikapiga magoti mbele ya mama mdogo, nikasema yote. Alilia, akaniambia, "Inuka, mwanangu. Nimekusamehe." Kisha nikaenda kwa dada kwenye kibanda chake cha ushonaji. Alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo. "Nimekusamehe, kaka," akasema, akaendelea kushona. Alichokuwa anashona ni shati la shule.

Shati lile lilikataa kunitoka machoni.

Nikaamua kulipa. Nilichagua kipimo cha Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka: "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Mara nne ya 130,000 ni 520,000. Siku hizo kutuma pesa kwa simu ndiyo kwanza kumeingia Uganda, nami nikaanza tarehe 5 Machi 2010, shilingi 20,000 kila mwezi, nikimtumia dada mwenyewe. Mwezi wa 26, Aprili 2012, hesabu ikatimia. Ningeweza kulifunga daftari siku hiyo. Nililiangalia, nikaona kwamba 520,000 hazijamrudisha mtu kwenye chumba cha mtihani. Tarehe 5 Mei nikatuma tena.

Hapo ndipo nilipopotea njia, na nilidhani nakaza mwendo. Kanisani niliketi nyuma. Mchungaji alipotangaza msamaha baada ya maungamo, nilisema "Amina" kwa ajili ya wengine. Meza ya Bwana ikiandaliwa, nilibaki kwenye benchi. Kwa dada nilifika mara nyingi, ila sikula hata siku moja. Nilikuwa nasema nimeshiba.

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2014 ilikuwa Pentekoste. Nilikuwa Malaba kwa msiba wa jirani, nikaenda na dada kanisani kwao. Akaenda mezani na wenzake, akarudi, akanikuta nimekaa palepale. Hakusema kitu. Tulipotoka akanishika mkono wa shati, akanipeleka nyuma ya kanisa, kwenye mwembe.

"Kaka, usinitumie pesa tena."

Nikamuuliza kama ni kidogo. Ningeweza kuongeza.

"Deni lako liliisha zamani. Mimi pia najua kuhesabu, umesahau?" Hapo alitabasamu, na tabasamu hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga kofi. "Kila tarehe tano simu yangu ikilia, kabla sijaifungua najua ni wewe. Na mimi narudi Senior Four. Nakaa tena pale nyumbani siku wenzangu wanakwenda kufanya mtihani. Kila mwezi, kaka. Nilikusamehe mwaka 2009. Wewe ndiye unayekuja kila mwezi kuniuliza kama kweli nimekusamehe. Umenifanya mdai, na mimi sitaki kuwa mdai wako. Nataka kuwa dada yako."

Nikajitetea kwa Zakayo. Ilikuwa ngao yangu ya pekee.

"Kasome tena," akasema. "Tazama nani alitangulia."

Nilisoma usiku ule kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Mara ngapi nimeisoma Luka 19 nikiikimbilia ile aya ya nane! Kumbe yote yako katika aya ya tano. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Yesu anayasema hayo mtu angali juu ya mkuyu, hajarudisha hata senti, hajaahidi kitu. Anaingia nyumbani mwa mwizi, watu wananung'unika, na ni hapo Zakayo anasimama na kugawa mali yake. Mara nne zake zilitoka kwa mtu aliyekwisha kutembelewa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mti miaka minne, nikitupa pesa chini, nikisubiri zifike za kutosha ndipo nishuke.

Nikafungua na Wakolosai 2:14, juu ya Kristo kuifuta "ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki", akaigongomea msalabani. Nikalikumbuka daftari chini ya godoro. Ikiwa hati imefutwa, basi lile nililokuwa naliandika mimi lilikuwa nakala ya nani? Nililia kwa sauti hadi mama mdogo akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeukubali msamaha wa dada na wa Mungu kama mtu anayepokea mkopo, na nilikuwa naulipia riba. Neno la Warumi 8:1 nililijua kwa kichwa tangu wiki ya kwanza ya wokovu: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu." Usiku ule nilikwama kwenye neno la kwanza. Sasa. Hakusema ukimaliza.

Nisidanganye kwamba asubuhi nilikuwa mwepesi. Tarehe 5 Julai iliangukia Jumamosi, na tangu alfajiri moyo wangu ulikuwa unanishitaki: leo umeacha kulipa, umerudia wizi wako. Mara mbili niliandika namba ya dada kwenye simu, mara mbili nikafuta. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama uani. Aliponiona na simu mkononi akasema tu, "Baba Fulani, tuombe." Tukaomba kwa Waraka wa Kwanza wa Yohana, pale panaposema kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Anajua na shati la shule. Hilo lilinishika: sikuhitaji kumficha Mungu ukubwa wa kosa ili niamini msamaha wake. Siku ikapita. Simu ya dada haikulia.

Kesho yake tulipanda gari kwenda Malaba, sote na watoto. Tororo tukauona ule mwamba juu ya mji, na mtoto wangu mdogo akauliza nani aliuweka pale. Kanisani nilisimama na safu ya kwanza, nikapiga magoti, nikanyoosha viganja.

Mchana dada alituandalia ugali wa mtama na muhogo, na samaki mkavu katika mchuzi wa karanga. Alinipakulia bila kuniuliza kama nimeshiba. Nilikula, nikamaliza, nikakaa kidogo na sahani tupu mbele yangu. Kisha nikamwambia, "Dada, niongeze mchuzi."