Ulinzi wa Ohio State: nyuma raha, mbele roho juu

Kabla ya msimu wa 2025, majirani zangu hapa Columbus walikuwa bado wanaimba ubingwa wa Januari 2025 wa futiboli ya Marekani ya vyuo, Ohio State tulipoichapa Notre Dame 34-23. Mimi niliwaza ukuta, yaani ulinzi. Wanne wote walioanza mstari wa mbele walikuwa wameenda NFL, ligi ya kulipwa: Sawyer, Tuimoloau, Williams na Hamilton. Sawyer ndiye aliyempokonya mpira kwota baki (mrusha pasi mkuu) wa Texas kwenye nusu fainali, akatimua nao yadi 83. Pengo la mtu wa hivyo unaliziba na nani?

Juu ya hayo, kocha wa ulinzi Jim Knowles alihamia Penn State, wapinzani wetu wa ligi moja! Akaletwa Matt Patricia, aliyevuna pete za ubingwa wa NFL na New England Patriots kabla Detroit hawajamtimua 2020. Akili anayo, ila ilikuwa miaka mingi tangu afundishe vijana wa chuo.

Nyuma sikuwa na presha. Caleb Downs alikuwepo, na Sonny Styles alikuwepo mbele yake. Pembeni mwa mstari wa mbele nilimsubiri Kenyatta Jackson. Kwa jina hilo, Mkenya gani atamzomea?

Texas walikuwa wanakuja kwetu tarehe 30 Agosti 2025. Niliwaambia majirani: tukifungwa zaidi ya pointi 20, msinipigie simu.