Tufe la ekseli ya mbele ya Land Rover

Tangu asubuhi nawaza lile tufe la chuma linalong'aa nyuma ya gurudumu la mbele la Land Rover Series. Kuanzia Series II ya 1958 hadi III iliyoishia 1985, kazi yake haikubadilika: ukikata kona, kikombe, yaani nyumba inayobeba gurudumu, huzunguka juu ya tufe, na sili, pete ya kuzuia uvujaji, hufuta uso wa tufe ili oili ya gia isitoke. Kromu ikibanduka, kutu huchimba vishimo kama makovu ya ndui. Kingo zake hukata mdomo wa sili, na muda si mrefu baada ya kufunga sili mpya, tairi limelowa tena. Lawama zinaenda kwa sili, ilhali mkosaji ni tufe.

Mimi nasikitika kila tufe la asili linapotupwa mapema. Pitisha ukucha juu yake. Ukiteleza, msasa laini na maji vinatosha. Ukinasa, vishimo vizibwe. Bandua kwanza kromu yote iliyolegea hadi ufike iliyoshika kweli, la sivyo kiraka kitaondoka nayo. Chokoa kutu kwa ncha ya chuma mpaka kishimo king'ae, osha kwa thina mara mbili, na usiguse tena kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuzuia gundi isishike. Changanya gundi ya chuma ya mirija miwili, nusu kwa nusu, ikandamize hewa itoke, uiache ivimbe kidogo juu ya uso. Ipe saa 24.

Kwenye kusugua ndiko wengi wanakoharibu. Ukibonyeza msasa kwa kidole unachimba bonde, na oili itapita hapo hapo. Kata ukanda wa msasa, uvute huku na huku kama mpiga rangi viatu na kitambaa chake: msasa namba 240, 400, kisha 800 na 1200 kwa maji. Acha pale ukucha unapovuka kutoka kiraka hadi kromu bila kushtuka. Tufe lililoliwa eneo kubwa linahitaji kupigwa kromu upya.

Sili nzima huingia tufe likiwa limefunguliwa kwenye ekseli. Kuikata ili kuokoa kazi ni kuuacha mlango wazi. Shimu, vile vibati vyembamba vya pini ya juu ambayo kikombe huzungukia, zirudi zilezile, na ukaguzi wa mkazo wa kikombe kinapozungushwa ufanywe kabla sili haijafungwa. Paka mdomo wa sili grisi. Baada ya safari, utando mwembamba wa oili juu ya tufe si kasoro. Likikauka kabisa, kutu huanza upya.