"Ami, bado naweza kuingia?"

Jumamosi asubuhi nimetoka zamu ya usiku, mikono bado yanuka mafuta ya mashine, nafungua simu nakuta ujumbe wa sauti wa mtoto wa kaka yangu aliyeko Malindi. "Ami, shikamoo. Hiyo ya roketi, Rocket Lab, bado naweza kuingia ama nishachelewa?"

Ni mtu wa nne mwezi huu wa Novemba 2025 kuniuliza kama anunue hisa za kampuni hiyo ya kurusha roketi. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori tunayeswali naye hapa Ohio. Wa pili shemeji yangu wa Dubai. Wa tatu ni kijana mmoja kazini ambaye mwaka jana nilipomtajia kampuni hiyo aliniuliza kama inatengeneza mabomu. Leo anaijua bei yake kwa senti kuliko anavyoijua bei ya petroli.

Niseme mapema: mimi si mtu wa soko la hisa. Nafanya kazi katika karakana, natengeneza vali za shaba za pampu za maji. Shughuli yangu ni kupima kipande kwa mikrometa, nikikuta kimezidi hata upana wa nywele nakitupa kwenye pipa na kuanza upya. Lakini mimi ni mtoto wa Ngomeni, kijiji cha pwani karibu na Malindi, na mtoto wa Ngomeni hahitaji kuelezwa roketi ni nini. Tumekua tukiliona jukwaa la San Marco limesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Wataliano walirushia roketi pale kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale satelaiti ya Wamarekani ikapewa jina la Uhuru, na hiyo ndiyo iliyokuwa satelaiti ya kwanza ya kuchunguza nyota kwa eksirei. Mimi sikuwahi kuona ikirushwa hata moja. Babangu ndiye aliyeona. Alikuwa na mashua, na alikuwa akisema siku hizo wavuvi huambiwa wasisogee, basi wao hukaa ufuoni wakangoja. Mimi nilichokipata ni kutu na samaki, maana samaki hupenda nguzo.

Sasa, Rocket Lab. Mwanzilishi wake, Peter Beck, ni mtu wa New Zealand ambaye hakusoma chuo kikuu. Alianza kama mwanagenzi katika kiwanda cha vyombo vya nyumbani, akitengeneza zana na kalibu, na kampuni aliianzisha 2006. Nakiri hilo lilinivuta. Fundi humtambua fundi. Roketi yao ndogo, Electron, ina urefu wa mita 18 na hubeba kama kilo 300. Safari ya kwanza, Mei 2017, haikufika kwenye mzingo wa dunia. Januari 2018 ikafika.

Lakini kilichonifanya nitoe pesa ni pampu. Roketi nyingi huzungusha pampu za mafuta kwa gesi ya moto inayochomwa pembeni, mtambo mgumu kweli. Hawa wakaweka mota za umeme na betri. Injini yenyewe sehemu zake kubwa zinachapishwa kwa unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka. Niliposoma hivyo nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya kiwanda, dakika kumi kabla ya zamu, nikacheka peke yangu. Pampu ya betri! Mimi na pampu tunajuana. Nikajua huyu mtu alikaa akajiuliza ni kitu gani kinachosumbua zaidi, akakiondoa.

Hiyo ilikuwa Aprili 2024. Hisa ilikuwa chini ya dola 4. Kampuni ilikuwa imeingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, Agosti 2021 kwa mlango wa nyuma uliokuwa ukitumiwa sana miaka ile: unaungana na kampuni iliyokwisha orodheshwa, isiyo na biashara yoyote ila mfuko wa pesa. Hesabu yake ilianzia dola 10, na wengi walioingia wakati ule walikuwa wameumia na kunyamaza. Septemba 2023 roketi moja ilikuwa imeshindwa ikiwa angani. Hakuna aliyekuwa akiniuliza chochote. Nikanunua hisa 300 kwa dola 3 na senti 80, jumla dola 1,140, na mama watoto sikumwambia mpaka wiki ya pili.

Oktoba ikafika dola 10. Nikajiona bingwa. Nikauza 200, nikapata dola 2,000, pesa ikaenda Ngomeni kubadilisha mabati ya nyumba ya mamangu, nikabakiwa na 100. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza mteja wa kwanza wa roketi yao kubwa, Neutron, hisa ikaruka, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa kwenye 25. Oktoba 2025 ikavuka 70. Hesabu ya zile 200 nilizouza mke wangu huifanya kwa sauti, hasa tukiwa na wageni. Mimi humjibu kwamba mabati hayavuji.

Lakini tazama jambo hili. Kampuni ile ya dola 4 na ya dola 70 ni moja. Mtu ni yuleyule, injini ni zilezile. Ile kazi kubwa ya kutengeneza satelaiti 18 za idara ya ulinzi ya Marekani, ya dola milioni 515, ilishatangazwa Januari 2024, miezi mitatu kabla sijanunua. Iko wazi, kila mtu asome. Hakuna aliyesoma, bei ikazidi kuteremka. Bei ilipopanda ndipo watu wakaanza kusoma, na wengine hata sasa hawajasoma, wameona mchoro wa bei tu unaopanda kama mnazi.

Sisemi waliopandisha ni wajinga. Kuna sababu za kweli. Electron ilirushwa mara 16 mwaka 2024. Mapato ya mwaka huo yalikuwa dola milioni 436, na zaidi ya theluthi mbili haikutoka kwenye kurusha. Ilitoka kwenye satelaiti zenyewe na vipuri vyake, pamoja na paneli za sola. Hili huwaambia wote wanaoniuliza, na huwa hawalipendi, kwa sababu wanataka moto na moshi. Roketi ndiyo inayopigwa picha. Chakula cha nyumbani kinatoka kwingine.

Na hata hivyo, mwaka huohuo kampuni ilipata hasara ya dola milioni 190. Sehemu kubwa inamezwa na Neutron, ambayo kwanza ilisemwa itaruka 2024, kisha 2025, na Novemba 2025 wakasema 2026. (Kichwa cha Neutron hufunguka kama mdomo ili kutoa mzigo, na wao wenyewe wamekiita kiboko mwenye njaa. Jina zuri. Kiboko kweli anakula.)

Pesa ya kumlisha kiboko inatoka wapi? Hapa ndipo nilipomweleza yule mtoto wa kaka kwa habari ya sinia. Umeketi harusini, watu sita, sinia la pilau limewekwa katikati. Anakuja mwenye harusi na mgeni wa saba, "msogezeni ndugu yenu." Halafu wa nane. Pilau ni lilelile. Kampuni ikiuza hisa mpya sokoni ndivyo inavyofanya. Mwaka 2025 ilijitengea ruhusa ya kuuza za dola milioni 500, kisha Septemba za dola milioni 750. Mwenye harusi atakwambia hao wageni wapya wamekuja na mbuzi, na jikoni kunapikwa sinia la pili. Pengine ni kweli. Lakini wewe mkono wako umeshasogezwa.

Kutoka Oktoba hadi Novemba 2025 bei ilirudi hadi dola arobaini na kitu. Ndio maana simu zimezidi: aliyekosa ikiwa dola 4 na akakosa ikiwa 70 anaona arobaini ni bei ya mnada.

Kijana wa Malindi nikamjibu kwa sauti, dakika saba nzima. Nikamwambia: wewe unawapeleka watalii Watamu kwa mashua, msimu ukiwa mbaya unakula akiba. Hiyo elfu ishirini ya shilingi unayotaka kutia ni ya nini? Ya kodi au ya kuchezea? Nikamwambia pia habari ya New Zealand, kwamba wanarushia kwenye rasi ya Mahia, mbali na ikweta, na wanachofuata pale ni bahari tupu na anga isiyo na msongamano wa ndege, ilhali sisi Ngomeni tuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta, dunia yenyewe inakusukumia roketi bure, na jukwaa linaoza. Hapo nilikuwa nishatoka nje ya swali, najua. Mwisho nikamwekea sharti: kabla hujatia hata shilingi, niambie Electron ina injini ngapi. Usipojua hilo, wewe hununui roketi, wanunua mchoro.

Akanyamaza siku mbili. Nikasema basi, nimemkatisha tamaa, heri yake.

Jana usiku, nimeshika mikrometa, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaenda kusikilizia chooni, maana msimamizi wetu hapendi simu. Nyuma ya sauti yake nasikia maji yapiga ubavu wa mashua.

"Ami, chini tisa, juu moja. Na betri zikiisha njiani inazitupa, kama makapi ya muwa. Sasa niambie, hiyo apu ya kununulia hisa wafunguaje?"