Nilivyonunua hisa kumi ili bosi wangu anisikilize

Salamu kwa wote mlioniambia "saini tu hiyo fomu ya kuacha kazi, usigombane na wenye hela". Sikusaini, na bado nipo hai.

Miaka 11 nimepokea simu za wateja kwenye kampuni kubwa hapa Dar. Machi tukaambiwa idara yetu inakabidhiwa kwa wakala, yaani kampuni ya nje. Si kwamba kampuni ilikuwa na hasara, faida ilikuwa nono. Makao makuu walitaka gharama zishuke, na gharama ndiyo sisi. Tukagawiwa fomu ya "kuondoka kwa hiari". Ukiisaini umejiuzulu, na kiinua mgongo cha kisheria ni cha aliyeachishwa na mwajiri, kwa hiyo wewe umekikosa. Wenzangu sita walisaini siku ileile.

Mimi nikaandika barua kwa mkurugenzi. Kurasa nne! Mama yumo, watoto wamo, hadi siku niliyokuja kazini na malaria. Nikajibiwa mistari miwili, na jina langu wamelikosea.

Kwa hasira nikaisoma ripoti ya mwaka ya kampuni. Mishahara imeshuka, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, limepanda. Nikasema kumbe wanaosikilizwa humu ni wanahisa! Na kampuni iko Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako hata hisa 10 unauziwa. Nikaenda kwa dalali wa hisa. Hela iliyonitoka haikufika nauli ya Morogoro kwenda na kurudi.

Siku ya Mkutano Mkuu wa wanahisa nikavaa suti ya harusi, ile ambayo tumbo limeshaikataa. Mlangoni bosi akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwonyesha jina langu kwenye daftari la wanahisa, safari hii limeandikwa sawasawa. Ndani wamejaa wazee wastaafu. Gawio lilipotangazwa ukumbi ulilipuka makofi, na mimi nikajikuta napiga! Aibu niliyoiona.

Zamu yangu ikafika. "Mwenyekiti, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka mwajiri ajadiliane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Mjadala huo ulifanyika lini? Maana tukishindwa kesi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, fidia inatoka kwenye faida yetu sisi wanahisa." Mzee wa kanzu pembeni yangu akadakia: "Ajibiwe huyo!" Ilikuwa hela yake sasa.

Hazikupita wiki mbili fomu zikayeyuka, tukaitwa mezani. Nililipwa notisi, likizo, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi, ingawa sheria inaishia miaka 10, ule wa 11 nikausamehe. Juu yake tukabana hadi wakaongeza mishahara ya miezi mitatu. Tunzeni hati za mshahara jamani, zangu zilikuwa kwenye mfuko wa unga. Na ukiachishwa, kupeleka malalamiko CMA ni ndani ya siku 30, usisubiri shemeji mwenye "connection".

Hisa sijaziuza. Gawio la kwanza liliingia kwenye simu, limeshakatwa kodi asilimia 5. Nikanunulia vocha, nikawapigia huduma kwa wateja. Kapokea kijana wa wakala, mpole kweli.