Nilimgusa bega mtu asiye na hatia

Hii stori nimekaa nayo miaka minne, leo acha niiandike.

Ilikuwa saa mbili usiku, umeme umekatika mtaa mzima, natoka dukani narudi home, pikipiki ikasimama mbele yangu na aliyekaa nyuma akashuka na panga. Akabeba pochi na simu, hata dakika haikuisha. Mwanga uliokuwepo ni taa ya pikipiki tu, na ilikuwa inanimulika mimi usoni, yeye kaipa mgongo. Hilo la taa nimekuja kulifikiria baadae sana, maana kipindi kile ungeniuliza ningekuapia kwa Mungu kwamba sura nimeiona.

Wiki mbili mbele polisi wakanipigia niende kwenye gwaride la utambulisho. Wanaume tisa wamepangwa uani, jua linawaka, unaambiwa pita taratibu, ukimuona mguse bega. Nikapita, nikarudi, kufika kwa wa tatu kutoka kushoto moyo ukapiga paa, nikajua ndio huyu huyu. Nikamgusa. Shati lilikuwa limelowa jasho na bega linatetemeka, na mimi kule kutetemeka nikakuona ndio ushahidi wenyewe.

Jamani sikudanganya. Ningesimama kizimbani nikashika msahafu na ningesema kitu ninachokiamini kwa moyo wote.

Kumbe yule kijana anasukuma mkokoteni kwenye soko ninaloenda kila Jumamosi. Sura nilikuwa naijua kweli, ila ya mchana, ya kwenye viazi na vitunguu, kichwa changu kikaichukua kikaiweka kwenye giza la usiku ule. Yeye siku ile alikuwa msibani Kibaha, kalala hukohuko, watu kibao wamemuona akiosha masufuria. Ndugu zake wakahangaika kuwaleta hao watu mpaka akaachiwa, kashakaa ndani wiki tatu maana unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana.

Na kosa hilo ukikutwa na hatia kifungo hakipungui miaka 30. Thelathini! Kwa kidole changu begani kwake.

Baada ya hapo nikaanza kusoma hukumu, usiku usingizi hauji nasoma tu. Mahakama ya Rufani ilishalisema hili tangu 1980 kwenye kesi ya Waziri Amani, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, hakimu asiutegemee mpaka ajiridhishe hakuna namna ya kukosea: shahidi alikuwa umbali gani, alimuangalia muda gani, mwanga ulikuwa wa nini, alikuwa anamjua kabla? Maswali mazuri sana, lakini nani anayauliza? Kesi za mauaji mshtakiwa anawekewa wakili, hizi za unyang'anyi zinaanzia mahakama za chini na wengi wanasimama peke yao. Anaambiwa una swali kwa shahidi, anajibu "mheshimiwa huyu ananisingizia", basi, imeisha hiyo, ile taa ya pikipiki haijaulizwa na mtu.

Kuna Mohamed Abubakari, alifungwa Moshi miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha. Shahidi mmoja, maelezo yake yanapishana, gwaride halikufanyika, alivyosema alikuwa sehemu nyingine hakuna aliyefuatilia, na wakili hana. Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu pale Arusha ikaamua 2016 kwamba hakutendewa haki. Yani nilivyosoma hiyo hukumu nikalia, maana kijana wangu naye alikuwa anasema hivyohivyo, nilikuwa msibani, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ndugu wenye nauli. Halafu Novemba 2019 nchi yetu ikajiondoa kwenye lile tamko lililokuwa linaruhusu mwananchi kwenda mwenyewe kwenye hiyo mahakama. Hili linaniuma mpaka leo.

Nilimfuata sokoni kumuomba msamaha. Mkokoteni ulikuwa wa kukodi, mwenyewe kashampa mtu mwingine, akawa anabeba magunia kichwani. Nikaanza kuongea machozi yananitoka, akanikatisha, "Dada mi siku ile nilivyokuona unaingia pale uani nilifurahi, nikasema huyu si mteja wangu wa viazi, huyu ananijua."