Kadi za Kiebrania, mgongoni Kiswahili

Kisumu, Jumapili usiku

Stima imerudi, mtoto amelala, nina nusu saa ya kuandika.

Kiebrania cha Biblia nakisoma Jumamosi alasiri kanisani, na kikundi kidogo cha watu wazima na Pasta mmoja mwenye subira. Kilichonipeleka huko si utakatifu. Nilichoka kuambiwa kutoka mimbarini kwamba "kwa Kiebrania neno hili maana yake ni…", halafu wiki chache baadaye neno lilelile linapewa maana nyingine na msemaji yuleyule. Nikasema potelea mbali, nitajisomea mwenyewe nione.

Kujifunza lugha ukubwani ni kukariri, hakuna njia ya mkato, na kukariri kwangu ni kadi: upande mmoja Kiebrania, upande wa pili jibu. Madukani hapa mjini utapata chati za matunda na wanyama za watoto wa nasari, na kadi za Kifaransa ukibahatika. Za Kiebrania bado sijakutana nazo. Kwenye simu zipo. Kuna programu za bure kama Anki, na humo unapakua mafurushi ya kadi yaliyotengenezwa na watu wengine. Nimeyajaribu. Furushi la kwanza lilinikaribisha na uwanja wa ndege na tikiti ya basi, mambo ya Tel Aviv ya leo, na mimi namtafuta Ruthu akiokota masazo shambani kwa Boazi. La pili lilikuwa la Biblia barabara, lakini mgongoni kwa kila kadi palikuwa na Kiingereza. Hapo ndipo nilipoamua kushika makasi.

Kiingereza nakijua, nimesomeshwa nacho. Ila kuna mahali kinafanya Kiebrania kionekane kigumu bure. Chukua neno "vayomer". Ukifungua Mwanzo 1 utalikuta mstari baada ya mstari. "Yomar" peke yake ni "atasema". Ukiliwekea "va" mbele, linageuka kuwa jambo lililopita, linalofuata jingine katika hadithi. Vitabu vya Kiingereza vinalipa umbo hilo jina refu, vinaeleza kurasa kadhaa, vinamwonya mwanafunzi asikate tamaa. Sasa fungua Biblia ya Kiswahili mahali hapohapo: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Akasema, ikawa. Hiyo "ka" ndiyo kazi ya "va" hapo. Nani kati yetu aliwahi kufundishwa "ka" kwa kurasa kadhaa? Bibi akisimulia hadithi ya sungura, akaenda, akakuta, akala, mtoto wa miaka mitatu anafuata bila shida.

Au Zaburi 121, ile ya kuinua macho milimani, ambayo hapa kwetu tunaisoma safarini na msibani. Mle mna "yishmorkha". Neno moja. Kiingereza kinatumia manne kulieleza. Kiswahili kinatumia moja: atakulinda. Mtendaji mbele, kitendo katikati, na mtendewa yumo humohumo ndani, ingawa Kiebrania kinampachika mwishoni na sisi tunamwingiza kabla ya mzizi. Nilipoandika kadi hiyo nilihisi nimedanganywa muda mrefu kwamba lugha hii iko mbali.

Sisemi Kiswahili kinatosha kila mahali. Kinaniangusha kwenye jinsia. Sisi "aliandika" ni aliandika, awe Yusufu au Miriamu. Kiebrania kinataka "katav" kwa mwanamume na "katva" kwa mwanamke, na hata "wewe" ni mawili. Basi kwenye kona ya kadi naweka ME au KE kama kwenye fomu za serikali. Kuna kadi moja, "tikhtov", yenye majibu mawili: wewe (ME) utaandika, au yeye (KE) ataandika. Mstari wenyewe ndio uamue ni nani.

Na mtego mkubwa kuliko yote kwa mtu wa Kiswahili ni "ni". "Nikhtov" si mimi nitaandika. Ni sisi. Tutaandika! Miaka yote ya maisha yangu "ni" imekuwa mimi, na lugha hii inaniambia ni umati. Kadi hiyo nimeizungushia wino mwekundu pembeni, na bado ndiyo ninayoikosa kuliko zote. Sidhani mwenye furushi la Kiingereza angejua kwamba hapo ndipo pa kuweka alama. Kwake si mtego.

Kuzitengeneza kwenyewe ni kazi ya mikono na naipenda. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi na uchapishaji karibu na steji, na tunapokata kadi za harusi hubaki vipande virefu vya manila ngumu. Zamani vilikuwa vinatupwa. Sasa mwenye duka ananiwekea kwenye karai chini ya mashine. Nakata kila kipande kiasi cha kiganja, kwa sababu kidogo zaidi ya hapo nukta hazionekani.

Nukta ndizo zinazochosha. Herufi za Kiebrania ni 22, zote konsonanti, na 5 kati yake hubadilika umbo zikija mwishoni mwa neno. Irabu ziliongezwa baadaye kwa vinukta na vistari, chini ya herufi, juu au katikati. Mfumo tunaosoma nao leo uliwekwa na wasomi wa Tiberia kati ya karne ya 7 na ya 10. Tiberia iko kando ya Ziwa la Galilaya, na watu wa ziwa tunaelewana. Nukta moja chini ni "i". Mbili zilizolala ni "e", tatu za pembetatu pia ni "e". Kistari ni "a", na kikiota kamguu kwa chini, aghalabu ni "a" bado. Nilipokuwa naandika kila kitu kwa wino mweusi, jasho la mchana wa Kisumu lilikuwa linageuza nukta mbili kuwa kistari, na kistari kuwa doa. Sasa herufi naziandika kwa maka peni nyeusi na irabu kwa biki nyekundu. Kuna faida ya ziada: nikitaka kujipima sawasawa, naandika kadi ya pili isiyo na nyekundu.

Herufi zinazofanana nilizipa siku zao. Daleti ni hii: ד. Reshi ni hii: ר. Tofauti yake ni kijikona tu juu kulia, daleti ina kisigino kinachochomoza nyuma na reshi imepinda laini. Usidhani ni mambo madogo. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, pale Israeli wanapoambiwa Bwana ndiye mmoja, neno la mwisho ni "ekhad", mmoja. Badili daleti iwe reshi, unapata "akher", mwingine. Waandishi wanaonakili Torati kwa mkono huiandika daleti hiyo kubwa kuliko herufi nyingine, na maelezo ya jadi ni kwamba msomaji asije akateleza mahali kama hapo. Nami kwenye kadi yangu nimeiandika kubwa. Mkono ukishachora kile kisigino kwa ukubwa ule, jicho halikisahau tena. Hili programu ya simu haikunipa hata kidogo, maana kwenye simu sichori, nagusa tu.

Wiki hii Ustadh wa madrasa ya Kaloleni alikuja kutoa nakala za mtihani wa watoto wake, akaziona kadi zimetandazwa juu ya kaunta zikikauka.

"Dada yangu, hii inasomwa kutoka kulia?"

"Kutoka kulia, Ustadh."

"Na hii?" Alinyoosha kidole kwenye ע.

"Ayini."

"Hiyo si ndiyo yetu ya Kiarabu!" Akaitamka kutoka ndani kabisa ya koo, mara mbili, hadi mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti akageuka. Pasta wetu anatuambia tuiruke tu, kama wafanyavyo wengi huko Israeli leo. Ustadh alikataa katakata. Alinisimamia pale hadi nikaitoa angalau nusu.

Tukaanza kuhesabu. Mimi Kiebrania, yeye Kiarabu, na Kiswahili kikiwa katikati kimekopa kwake: shesh, sita, sheva, saba, tesha, tisa, me'a, mia, elef, elfu. Halafu nefesh na nafsi, dam na damu. Hizo sikuzikatia manila. Za nini? Pia sikati kadi za maneno yanayotokea mara moja tu katika Biblia nzima, hata kama ni matamu. Naanza na yaliyojaa. "Amar", kusema, na maumbo yake, hutokea zaidi ya mara 5,000 katika Biblia ya Kiebrania. Anayelijua hilo vizuri tayari ana kitu mkononi katika kila ukurasa wa hadithi.

Kanuni yangu nyingine ni swali moja kwa kadi. Kadi za mwanzo nilizijaza: maana, wingi, mstari wa mfano, mzizi. Nikiipindua sijui kama nimepata au nimekosa, kwa sababu nimepata robo. Sasa zimekuwa nyingi lakini hazibishani.

Zinakaa kwenye boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano. Utaratibu huo alielezea Sebastian Leitner mwaka 1972, kwa Kijerumani, na ni rahisi: kadi mpya inaanza chumba cha kwanza, ukiijibu inasonga mbele, ukikosa inarudi mwanzo hata kama ilikuwa chumba cha mwisho. Cha kwanza unakipitia kila siku, vingine kwa kuachana zaidi na zaidi. Ni kama muuza duka wa mtaani anavyokopesha: mteja anayelipa anaongezewa muda, msumbufu anadaiwa kila asubuhi. Nyuma ya hilo kuna Mjerumani mwingine, Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua. Programu za simu zinafanya hesabu hiyo zenyewe, tena vizuri kuliko boksi langu. Nakubali. Ila simu yangu chaji haifiki jioni, na kwenye matatu ya Kondele saa za giza sitoi simu. Kadi nashika mkononi kama ninavyotaka. Hakuna atakayenipokonya "nikhtov".

Mwenzangu wa kazini huniuliza, Kiebrania na Kisumu wapi na wapi? Humjibu kwamba kidogo tu tungekuwa majirani. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alijitokeza na wazo la kuwapa Wayahudi eneo la nyanda za Uasin Gishu, kule Eldoret. Likapelekwa kwenye mkutano wa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, kule Basel mwaka huohuo, nusura liwagawanye, tume ikatumwa kuja kukagua nchi, na mwaka 1905 wakalikataa. Historia inauita Mpango wa Uganda ingawa ardhi yenyewe iko Kenya, kwa kuwa upande huu wote, Kisumu ikiwemo, ulihamishwa kutoka Uganda mwaka 1902 tu. Sifikirii sana ingekuwaje. Wenye ardhi ile hakuna aliyewauliza, na kwangu hilo ndilo la kukumbukwa kwanza. Lakini humwambia mwenzangu kwamba pengine leo kadi za Kiebrania zingekuwa zinauzwa Eldoret kwenye steji, pamoja na njugu.

Darasani mwezi ujao tunaingia Danieli, na hapo kuna jambo. Katika sura ya 2 mstari wa 4, Wakaldayo wanapofungua vinywa mbele ya mfalme, kitabu kinahama kutoka Kiebrania kwenda Kiaramu na hakirudi mpaka sura ya 7 iishe. Herufi ni zilezile. Maneno yanafanana kiasi cha kukuchanganya. Nimetazama mbele kidogo nikakuta "malka". Sikio langu la Kiswahili likasema malkia, na Kiebrania kinakubali, "malka" ni malkia, ndivyo Esta anavyoitwa. Lakini kwa Kiaramu cha Danieli "malka" ni mfalme mwenyewe, Nebukadreza na ndevu zake. Nikiziweka kadi hizo mbili kwenye boksi moja, za rangi moja, nitakuwa najitafutia balaa.

Kwa hiyo za Danieli zitakuwa kijani. Kuna mabaki ya harusi ya Jumamosi iliyopita kwenye karai, na kesho nikifika dukani nitayakata kabla foleni ya asubuhi haijaanza.