Meno ya kauri, meno ya plastiki na herufi ya dhaa

Kwa miaka mitatu nimeshauriwa kuhusu meno ya bandia na watu wenye meno yao. Kila aliyeketi barazani pangu hapa Langoni, Lamu, alikuwa na lake la kusema, na wengi walikubaliana kwamba kauri, udongo uliochomwa kama wa vikombe vya chai, ndiyo meno ya kiungwana na plastiki ni ya asiye na uwezo. Mimi nimevaa zote mbili, tena kwa gharama iliyotoka mfukoni mwangu na mwa mwanangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuwajibu.

Seti ya kwanza ilikuwa ya plastiki ngumu, ile iitwayo akriliki. Nilitengenezewa na fundi aliyekuwa akizunguka na mkoba wake, wiki mbili tu baada ya gego langu la mwisho kung'olewa, na bei yake ilikuwa elfu kumi na kitu. Hakunieleza kwamba ufizi husinyaa baada ya meno kung'olewa, na kwamba husinyaa kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani seti ilikuwa ikicheza kinywani kama ndala kubwa mguuni mwa mtoto, na jioni moja ya kufuturisha wageni, ile ya juu ikachomoka na kutua katika bakuli la uji. Jirani mmoja akanishauri niitumbukize katika maji yanayochemka ili ilainike, kisha niibane ufizini ishike umbo. Nilimtii. Akriliki haivumilii maji ya moto, nayo ikajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, isinifae tena hata kwa uji.

Mwanangu aliyeko Mombasa akasema, «Baba, safari hii usibane pesa, tia kauri.» Tulilipa zaidi ya mara tatu ya bei ya kwanza. Siwezi kuidhulumu kauri: ilikaa vizuri ufizini, iling'ara, na kahawa chungu ninayokunywa tangu alfajiri haikuiachia doa. Taabu ilianza chuoni, ninakofundisha watoto kusoma Kurani. Kauri ikigongana na kauri hulia, na katika usomaji wa tajwidi, ambapo kila herufi ina haki yake, mimi nikawa naongeza kalkala, yaani mlio wa kudunda wa baadhi ya herufi, hata pale isipokuwapo. Nilipofika katikati ya aya, mtoto mmoja aligeuka kutazama mlango, akaniuliza kwa adabu kamili, «Maalim, kuna mtu abisha hodi?» Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka nalo, ingawa ndani niliumia. Wiki chache baadaye seti ikaniponyoka juu ya karo nilipokuwa nikiiosha. Gego moja likavunjika na jino moja la mbele likang'oka zima. Ndipo daktari aliponieleza kwamba kauri haishikamani na plastiki ya waridi inayoiga ufizi, iliyo chini yake, bali hushikwa kwa vipini na vitundu, ilhali jino la akriliki huungana nayo likawa kitu kimoja. Akaniomba pia niweke karai la maji chini kila ninapoosha, jambo ambalo lingenisaidia sana kama angelisema mapema.

Seti ya tatu ni ya akriliki, na hapa nitajisifu kidogo. Meno hupangwa kwanza katika nta ili mgonjwa ayajaribu, na wengi hupewa kioo, wakatabasamu, wakasema ni mazuri. Mimi nilikikataa kioo. Nilianza kusoma. Herufi za Kiarabu thaa, dhali na dhaa hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno ya mbele ya juu. Faa nayo huzitaka ncha hizo hizo pamoja na sehemu ya ndani ya mdomo wa chini. Meno yakiwekwa mbele au nyuma kupita kiasi, dhaa huharibika. Nilisoma, nikasimama, nikamwambia daktari ayarudishe ndani kidogo, nikasoma tena. Aliyasogeza mara tatu, kila mara kwa kadiri ya unene wa ukucha, huku wagonjwa wengine wakichungulia kuona ni kisomo cha nani. Meno yakiwa katika nta husogezwa, nafasi ya nta ikishachukuliwa na plastiki, basi tena, na ndiyo maana sikuona haya.

Kuhusu magego, yapo yenye vilima virefu, yenye vilima vifupi, na yaliyo bapa. Vilima virefu hukata nyama vizuri, lakini ufizi wangu wa chini umebaki bapa kama mchanga wa pwani maji yakitoka, na daktari alihofia kwamba vitaisukuma seti upande kila nitakapotafuna. Nilichukua vifupi. Samaki wa kupaka sina shida naye. Papa mkavu namkatakata vipande vidogo, na hutafuna pande zote mbili kwa pamoja ili seti isiinuke upande mmoja.

Barazani tumo watano wenye meno ya bandia, nami niliwahoji wote. Asiyeridhika kabisa ni mwenye seti ghali kuliko zetu: kauri juu, meno yake ya asili chini, na kauri imeyasaga yale ya chini mpaka yamefupika. Anayeridhika kuliko wote ana akriliki ya kawaida iliyomkaa sawasawa, na hakumbuki hata iligharimu kiasi gani.

Yangu yameanza kupata rangi ya kahawa, ingawa nayasugua kwa sabuni na brashi laini na kuyalaza katika maji baridi kila usiku. Kauri niliitengenezesha, nayo imo kabatini. Mke wangu huniomba niivae tukialikwa harusini, maana picha hutoka nzuri. Nami huivaa, nikakaa kimya hadi tunarudi nyumbani.